Printa Inagoma Ukiwasha Kamera: Vifaa vya USB Vinapogombana Kwenye Kompyuta Yako ya Nyumbani

Somo la leo ni la sisi tunaouza mtandaoni tukiwa nyumbani, wenye kompyuta moja mezani na kila kitu kimechomekwa humo humo. Printa ya lebo. Skana ya bakodi. Kamera ya kurushia laivu. Maiki. Mausi isiyo na waya. Diski ya nje yenye picha zote za bidhaa. Halafu pembeni kuna taa ya duara na simu inachajiwa, navyo vinanyonya humo humo.

Kila kimoja kikiwa peke yake kinapiga kazi vizuri. Ukiviweka pamoja vinaanza vituko. Unawasha kamera, printa inapotea. Unahamisha picha, mausi inarukaruka. Unaskani bidhaa, namba zinaingia kwenye meseji ya mteja. Na vituko hivi vina tabia ya kutokea saa 11 jioni, mizigo iko sakafuni haina lebo, na ofisi ya basi inaacha kupokea mizigo saa 12.

Hapo nimeona watu wengi wakifanya jambo moja: wanakwenda kununua printa nyingine. Dada mmoja wa Tabata anayeuza vipodozi alishatenga hela kabisa, akanipigia nimshauri achukue printa ipi. Printa yake ilikuwa nzima. Kilichokuwa kinamtesa ni habu, kile kigawanyio cha matundu manne, alichokibebesha taa, simu na kamera pamoja na hiyo printa. Taa na simu zikahamia kwenye chaja za ukutani, printa ikarudi kazini, na ile hela akaongezea mzigo wa losheni. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, soma hili mpaka mwisho. Ni refu kidogo, nivumilie.

Anza hivi. Kifaa kinachofanya kazi kikiwa peke yake kwenye kompyuta si kibovu. Kinagombania kitu na wenzake, na kazi yako ni kujua wanagombania nini. Chomoa vyote, bakiza kibodi na mausi tu. Kisha bonyeza "Restart". Sisemi "Shut down", nasema "Restart". Kwenye Windows 10 na 11, ukizima kwa "Shut down" mara nyingi kompyuta inahifadhi sehemu ya hali yake ili iwahi kuwaka, kwa hiyo mkorogo wa jana unaweza kukusubiri kesho. "Restart" ndiyo inayoanza upya kabisa.

Ikishawaka, chomeka kifaa kimoja moja kwa moja kwenye kompyuta, bila habu, na kitumie kweli. Usitosheke na kuona kataa kamewaka. Toa lebo moja. Fungua kamera ujione. Nakili picha 20 kwenye diski. Kikikubali, ongeza cha pili, na vyote viwili vifanye kazi kwa wakati mmoja. Andika kwenye karatasi: kifaa gani, tundu gani, kilitokea nini. Itakuchukua nusu saa hivi.

Angalizo: kifaa cha mwisho kuchomekwa kabla ya vurugu si lazima kiwe mkosaji. Daladala ikijaa, anayening'inia mlangoni ndiye anayeonekana, lakini mwenye magunia mawili ya viazi amekaa siti ya nyuma kimya. Ukifika hapo, chomoa kimoja cha mwanzo uone kama huyu wa mwisho anapumua.

Sasa tuingie kwenye ugomvi mkubwa, ambao kwa ninavyoona ndio unasumbua meza nyingi: umeme.

Tundu la USB linatoa volti 5. Kwa kanuni zake, tundu la USB 2.0 linatoa hadi miliampia 500, yaani wati 2.5. Tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi ndani yake ni la bluu, linatoa hadi miliampia 900, yaani wati 4.5. Sasa chukua taa yako ya duara uangalie kwenye adapta yake au kwenye boksi. Ikiandikwa 5V 2A, maana yake wati 10. Taa hiyo peke yake inataka zaidi ya mara mbili ya anachoweza kutoa huyo wa bluu. Itawaka, ndiyo, lakini hafifu, na wenzake watalala njaa.

Halafu wewe unakwenda kununua habu isiyo na adapta yake, ya matundu 7, ukidhani umepata matundu 7 ya umeme. Hapana ndugu yangu. Habu ya aina hiyo inachukua umeme kutoka tundu moja la kompyuta na kuwagawia saba. Ni bomba lile lile, umefunga viunganishi saba. Vitu vidogo kama mausi, kibodi na skana ya kawaida vinaweza kuishi hapo kwa amani kwa sababu vinakula kidogo. Diski ya nje ile ya kuzunguka haiwezi, maana inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi kwa mkupuo kuliko ikiwa imetulia. Ndiyo maana unaweza kuisikia inafanya tik, tik, tik, inajaribu kuamka inashindwa.

Dalili za njaa ya umeme ni rahisi kuzijua ukiwa na masikio. Ule mlio wa Windows wa kifaa kuingia na kutoka unasikika wenyewe, bila wewe kugusa kitu. Wakati mwingine unaletewa ujumbe wenye maneno "Power surge on the USB port". Watu wanashtuka wakidhani kompyuta imepigwa shoti, lakini mara nyingi inakwambia tu kwamba kifaa fulani kimevuta kuliko kinachoruhusiwa. Kitoe. Kama tundu linanuka kuungua au limebadilika rangi, hilo ni jambo lingine, usilitumie tena hadi fundi aone.

Hapa kuna kitu kinachowachanganya wengi kuhusu printa ya lebo. Zile za mezani zina adapta yake, inachomekwa ukutani. USB inaitumia kwa kupokea kazi tu. Sasa mtu anauliza, kama haili umeme wa kompyuta, mbona inapotea nikiwasha taa? Kwa sababu imechomekwa kwenye habu ile ile. Umeme ukishuka, habu nzima inazima sekunde moja na kuwaka tena, na kila aliyepanda anashuka naye. Printa imeshiba, lakini gari alilopanda limezima.

Kwa diski ya nje, huko kuzima kwa sekunde moja ndiko kunakoniogopesha kuliko yote haya. Lebo isipotoka utaiandika kwa mkono. Lakini diski ikikatika katikati ya kuandika, faili lililokuwa linaandikwa linaweza kuharibika, na wakati mwingine diski nzima inagoma kufunguka na Windows inakuomba uifomati. Humo ndimo zimo picha zako za miaka miwili, orodha ya wateja, na hesabu za nani anadaiwa. Kwa hiyo hili siyo la kujadiliana: diski ya nje ichomekwe kwenye kompyuta yenyewe, tundu la bluu kama lipo, kwa waya wake mfupi uliokuja nao. Ukimaliza, itoe kwa kubonyeza ile alama ya kutoa kifaa kwa usalama pale chini kulia, ndipo uchomoe. Na picha za bidhaa ziwe na nakala mahali pengine, hata kama ni kwenye simu ya shemeji.

Dawa ya njaa ya umeme ni mbili. Ya kwanza haigharimu sana: vitu ambavyo havina cha kuongea na kompyuta viondoke kwenye kompyuta. Taa haina data. Simu inayochajiwa haina kazi hapo. Feni ndogo ya USB, naomba tusiizungumzie. Vyote viende kwenye chaja za ukutani. Ya pili ni habu yenye adapta yake. Hapo nako usidanganyike na idadi ya matundu, soma adapta. 5V 2A ni wati 10 kwa wote kwa pamoja. 5V 4A ni wati 20. Habu ya matundu 10 yenye adapta ya 5V 2A ni familia kubwa yenye sufuria dogo.

Na kabla hujalaumu chochote, jaribu waya mwingine. Kuna nyaya nyingi mtaani ambazo ni za kuchajia tu, ndani hazina nyuzi za data kabisa. Ukiunganisha printa kwa waya huo, kompyuta haitaiona hata ukeshe. Na waya mrefu mwembamba unapunguza umeme njiani. Mimi nyaya za data nimezifunga utepe mwekundu, mtoto akichukua wa kuchajia simu najua.

Tuje kwenye ugomvi wa njia. Huu unawapata zaidi wanaofanya laivu kwa kamera mbili, moja ya uso na moja ya kuonesha bidhaa kwa karibu. Kamera ya kwanza inakubali, ya pili inaleta kioo cheusi au ujumbe kwamba "USB controller" haina nafasi ya kutosha. Umeme upo. Tatizo ni barabara.

USB 2.0 inapitisha hadi megabiti 480 kwa sekunde, na wote waliopo kwenye habu moja wanagawana barabara hiyo. Kamera siyo kama printa. Printa inatuma na kusubiri, inaweza kupisha. Kamera ikifunguka inakodi njia yake kabisa, iwe inaitumia yote au haitumii, ili picha isikatike. Kamera ya pili ikija inakuta barabara imeshakodishwa.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu linawala watu hela. Mtu anaambiwa dukani, "chukua habu ya 3.0, hiyo ni ya kasi, kamera zote zitakaa." Ananunua, tatizo lile lile. Kamera nyingi tunazotumia za kawaida ni za USB 2.0. Habu ya USB 3.0 ndani yake ina barabara mbili tofauti: moja ya vifaa vya 3.0 na moja ya vifaa vya 2.0. Kamera zako mbili za 2.0 zinaingia kwenye ile barabara ya zamani, zinabanana vile vile, huku barabara mpya iko tupu pembeni. Kasi umeinunua, ila vifaa vyako haviruhusiwi kupita huko.

Kinachosaidia ni kutenganisha. Kamera moja ichomekwe upande wa kushoto wa kompyuta, nyingine upande wa kulia, zote bila habu. Haitoi uhakika wa asilimia 100, maana kwenye laptopu nyingi matundu ya pande zote mbili yanakutana sehemu moja ndani. Unaweza kuchungulia: bonyeza kulia kwenye alama ya Windows, chagua "Device Manager", juu bonyeza "View", halafu "Devices by connection". Fungua matawi utaona kifaa gani kimening'inia kwenye tawi gani. Kama kamera zote ziko tawi moja, hamisha moja uone kama inahama tawi. Isipohama, shusha ubora wa kamera ya pili kutoka 1080 hadi 720 kwenye programu unayorushia laivu. Mteja anayetazama kwenye simu hatogundua kwa urahisi, na kamera itakodi njia ndogo.

Kwa wenye kompyuta ya mezani: matundu ya mbele yameungwa kwa nyaya za ndani, ya nyuma yako kwenye bodi yenyewe. Kifaa kinachosumbua mbele kijaribu nyuma kabla ya jambo lolote. Nimeshaona skana inayofufuka kwa kuzungushwa nyuma tu.

Ugomvi unaofuata watu huwa hawaamini nikiwaambia, mpaka niwaoneshe. Mausi isiyo na waya inarukaruka au inakwama kila unapohamisha picha kwenye diski. Umebadilisha betri, umebadilisha mausi, bado. Sababu ni kwamba USB 3.0 ikifanya kazi inatoa kelele ya redio ambayo inaingia hadi kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na hayo ndiyo masafa ya mausi nyingi zisizo na waya, kibodi zake, Bluetooth, na Wi-Fi ya 2.4. Intel walitoa andiko kuhusu hili mwaka 2012, kwa hiyo siyo ushirikina. Kale kapokeleo kadogo ka mausi ukikachomeka jirani kabisa na diski ya 3.0, ni sawa na kuongea na simu ukiwa umesimama mbele ya spika ya harusi.

Dawa ni umbali. Kapokeleo ka mausi kahamie upande wa pili, au kaweke kwenye waya wa kurefusha USB wa nusu mita au mita moja kasogee mbali na diski. Kama unatumia kifaa cha Wi-Fi cha kuchomeka na laivu inakwama ukiwa unanakili mafaili, shuku jambo hili hili. Ruta yako ikiwa na masafa ya gigahezi 5, hamia huko, kelele hii haikufuati.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye upande wa Windows yenyewe, kwa sababu hapa ndipo "ugomvi" mwingi siyo ugomvi, ni majina kuchanganyikana.

Umehamisha printa ya lebo kutoka tundu moja kwenda jingine. Vizuri. Lakini Windows inaweza kuiona kama mgeni na kuisajili upya. Ukifungua orodha ya printa utakuta mbili zenye jina moja, moja mbele yake pameandikwa "Copy 1". Ile ya zamani inasema "Offline". Programu yako ya lebo bado inatuma kazi kwa ile ya zamani, ambayo inasubiri mtu kwenye tundu ambalo halina mtu. Lebo zinapanga foleni hazitoki. Unabonyeza tena, na tena. Halafu siku unarudisha printa kwenye tundu la zamani, zinatoka lebo 30 kwa mpigo za mizigo iliyokwishafika Mwanza, na karatasi yako ya stika imeisha.

Kwa hiyo fungua "Settings", kisha "Bluetooth & devices", kisha "Printers & scanners". Kwa Windows 10 njia inaanzia "Devices". Ingia kwenye ile iliyo "Offline", fungua foleni yake ufute kazi zote, kisha iondoe kwa "Remove". Toa lebo ya majaribio kwenye iliyobaki. Baada ya hapo printa hiyo iwe na tundu lake la kudumu, usiihamishe tena. Bandika kipande cha utepe kwenye tundu uandike LEBO.

Ukiwa humo humo, tafuta mahali palipoandikwa "Let Windows manage my default printer" uzime. Ikiwa imewashwa, Windows inaifanya printa uliyotumia mara ya mwisho kuwa ndiyo kuu. Maana yake ukitoa ankara ya mteja kwenye printa ya A4, lebo inayofuata inaweza kwenda A4, katikati ya karatasi kubwa nyeupe, kadogo kama stempu. Ukizima, chagua mwenyewe printa kuu. Mimi kuu ni ya lebo, kwa sababu ndiyo ninayoitumia nikiwa na haraka.

Skana ya bakodi nayo ina lake. Skana nyingi za USB zinajitambulisha kwa kompyuta kama kibodi. Yaani mbele ya Windows, skana ni mtu anayechapa namba haraka sana na mwisho anabonyeza "Enter". Haijui Excel wala programu ya stoo. Inachapa pale mshale wako wa kuandikia ulipo. Mshale ukiwa kwenye WhatsApp ya kompyuta, mteja aliyeuliza bei ya viatu anapokea namba 13 zisizoeleweka, na kwa sababu ya ile "Enter" ya mwisho zinakuwa zimeshatumwa. Kuna kaka anauza vipuri vya pikipiki, mteja wake alijibu, "Hiyo namba ni ya M-Pesa?"

Hapo hakuna kilichoharibika wala hakuna cha kubadilisha. Bonyeza kwanza kwenye kisanduku sahihi cha Excel ndipo uskani. Wakati wa kuhesabu stoo funga WhatsApp ya kompyuta, utumie ya simu. Na kama skana inachapa herufi za ajabu badala ya alama, angalia lugha ya kibodi iliyochaguliwa kwenye Windows kabla hujairudisha dukani.

Diski nayo inaweza kubadilishiwa herufi. Jana ilikuwa E, leo umetangulia kuchomeka flashi, flashi imechukua E na diski imekuwa F. Njia za mkato za picha zako zote zinasema faili halipo, na moyo unakwenda mbio bure. Bonyeza kulia alama ya Windows, chagua "Disk Management", bonyeza kulia kwenye sehemu ya diski yako, "Change Drive Letter and Paths", uipe herufi ya mbali kama S. Flashi haziko na haraka ya kufika S. Ila humo ndani usiguse kitu kingine chochote, hasa neno "Format".

Kuna na ile ya kifaa kinachofanya kazi asubuhi, ukirudi baada ya chai kimelala hakiamki. Hiyo ni Windows inabana matumizi, inazima matundu ambayo hayajatumika, hasa laptopu ikiwa kwenye betri. Rudi "Device Manager", fungua "Universal Serial Bus controllers", kila palipoandikwa "USB Root Hub" bonyeza mara mbili, nenda "Power Management", ondoa tiki kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power". Betri itapungua haraka kidogo. Kwenye siku ya laivu ni afadhali.

Ukiwa hapo "Device Manager" ukaona alama ya mshangao ya njano kwenye kifaa, kibonyeze mara mbili usome namba ya kosa. Code 28 maana yake draiva haijawekwa. Code 10 maana yake kifaa kimeshindwa kuanza. Code 43 maana yake Windows imekisimamisha kwa sababu kimeripoti tatizo. Hapo badilisha waya na tundu kwanza. Kwa 10 na 28, pakua draiva kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kifaa, kwa kuandika modeli kamili iliyo chini ya kifaa. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakusasishia draiva zote kwa mbofyo mmoja, achana nazo. Nyingine zinakutisha kwa makosa mengi kisha zinaomba hela, nyingine zinakuletea vitu usivyovitaka kwenye kompyuta yenye majina na namba za wateja wako.

Ikikataa kabisa, chukua kifaa hicho peke yake na waya mwingine, kijaribu kwenye kompyuta ya jirani. Kikigoma na huko, sasa ndiyo sema ni kibovu. Kikikubali huko, tatizo liko kwako mezani, na fundi mpelekee kompyuta, siyo printa. Mpelekee na ile karatasi yako: kifaa gani kilikuwa tundu gani, nani alikuwa amewashwa, namba ya kosa ni ipi. Fundi mwenye karatasi hiyo anaanzia mahali. Asiye nayo ataanza kwa kukufutia Windows nzima, kwa hiyo kabla hujamkabidhi hakikisha nakala ya picha na orodha ya wateja umebaki nayo nyumbani.

Wengi huniuliza meza yangu imekaaje. Laptopu yangu ina matundu matatu. La bluu la kushoto ni la diski ya nje tu, likiwa halina diski linabaki wazi. La kulia la kwanza ni kamera. La kulia la pili ni habu yenye adapta ya 5V 4A, na humo wamo printa ya lebo, skana, maiki, na kapokeleo ka mausi kwenye waya wa mita moja. Taa na simu ziko kwenye chaja za ukutani, kwenye ekstensheni tofauti. Umeme ukikatika habu inabaki kunyonya laptopu, kwa hiyo muda huo natoa lebo tu na laivu inasubiri. Nikinunua kifaa kipya nakijaribu Jumapili, siku ambayo hakuna basi ninalolikimbilia.

Ukileta swali kwenye maoni, taja vitu vitatu nisikuulize tena: modeli ya kompyuta, orodha ya vyote vilivyochomekwa, na kama habu yako ina adapta au haina.